Kimbiji na Amani Gomvu: ufukwe mweupe usio na banda wala muziki, ila nenda kwa hesabu ya mwezi

Ufukwe ulio kati ya Amani Gomvu na Kimbiji, kusini mwa Kigamboni, tunaupa nyota nne kati ya tano. Kwa kundi la marafiki wanaotaka bahari, mchanga mweupe na ukimya bila kutoka nje ya Mkoa wa Dar es Salaam, ni vigumu kupata pa kuushinda. Nyota ya tano inategemea siku mtakayoichagua. Wengi wanaorudi mjini na kusema "kule hakuna kitu" walifika saa ambayo bahari imepwa, wakakuta uwanja mpana wa mchanga wenye tope na mwani, na maji ya kuogelea yako mbali huko. Hakuna aliyewaambia kwamba safari ya huku hupangwa kwa maji kwanza, ndipo Jumamosi inapotafutwa.

Ukishavuka Mjimwema ukaipita Gezaulole (jina la Kizaramo, maana yake "jaribu uone"), hoteli na mabanda ya starehe huanza kupungua. Mbele yake kuna vipande virefu ambavyo havina kitu ila minazi, mivinje, mitumbwi iliyovutwa juu kwenye madiko (mahali wavuvi wanapotia nanga na kupakua), na mchanga. Kinga mchanga huo kiganjani uuangalie kwa karibu: ndani ya chembe nyeupe utaona vipande vya makombe na matumbawe yaliyosagika, vingine vya waridi, vingine vya kahawia, vidogo kuliko punje ya mchele. Ukiwa mkavu ni laini mno mguuni. Wasichokipata wageni ni choo, bomba, banda la chipsi, kivuli cha kukodi na mwokozi wa waogeleaji. Kila mtakachohitaji mtakibeba, na mtarudi nacho.

Wanaotaka kuletewa samaki na chipsi mezani wakiwa wamekaa bandani waende Mbudya kwa boti kutoka Kunduchi, au Bongoyo kutoka Msasani. Ni visiwa vizuri, vimo katika maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, na huduma zipo. Ufukwe wa Coco ni wa jioni na mihogo. Huku kusini ni kwa watu wasioona tabu kubeba.

Sasa maji. Pwani ya Dar hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na nyakati hizo husogea mbele kama dakika 50 kwa siku. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu ndizo za bamvu: maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi na hujaa kama saa kumi jioni, na tofauti ya kina huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hujaa kama saa nne asubuhi, hupwa jioni, na tofauti ni ndogo, kama mita moja tu. Ukilinganisha hayo na saa za watu wa mjini utaona tatizo lilipo. Kundi likifika saa nne asubuhi siku ya mwezi mpevu, litakaa nusu siku likiitazama bahari kwa mbali, na maji yatakuja kuwa matamu wakati wa kufunga mizigo.

Siku bora ni zile ambazo maji hujaa kama saa saba mchana, kwa sababu mnapata saa tatu kabla na saa tatu baada. Kwa wanaohesabu mwezi kama wavuvi, hizo ni mwezi kumi na mwezi kumi na moja, kisha mwezi ishirini na tano na ishirini na sita. Yaani siku nne hivi kabla ya mpevu na siku nne kabla ya mwandamo. Usichanganye na siku nne baada ya mpevu. Usiku mwezi utauona mkubwa vilevile, lakini maji yatakuwa yamepwa saa saba mchana, na hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote. Mamlaka ya Bandari hutoa jedwali la maji kujaa na kupwa kwa Bandari ya Dar es Salaam, na simu nyingi zina programu zinazoonyesha hivyo hivyo. Litazameni kabla ya kukubaliana tarehe na kabla mtu hajaanza kukusanya mchango.

Jambo la pili kuhusu maji ni la usalama. Maji hayatoki kwa mwendo mmoja. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na kitu. Saa ya kwanza hushuka kidogo, ya pili huongeza, ya tatu na ya nne ndizo za mbio: karibu nusu ya maji yote huondoka ndani ya saa hizo mbili. Siku ya bamvu hiyo ni zaidi ya mita moja na nusu. Maji hayo hutafuta njia ya kutokea, na njia ni zile nafasi zilizo kati ya miamba. Ukisimama juu ya ufukwe utaziona: huku na huku mawimbi yanavunjika meupe, katikati pana ukanda wa maji meusi yaliyotulia. Mgeni huona pale ndipo pa kuogelea kwa kuwa hapana wimbi. Pale ndipo mkondo ulipo. Anayechukuliwa asishindane nao kurudi moja kwa moja, aogelee ubavuni sambamba na ufukwe mpaka autoke, kisha arudi na mawimbi. Na kwa kuwa hakuna mwokozi, mmoja wenu abaki nchi kavu kila wakati, na dumu tupu la lita 20 lililofungwa kamba ya manila ya mita 30 liwe pembeni yake. Dumu lililofungwa kifuniko vizuri hubeba mtu mzima bila shida.

Wanaopenda kutembea miambani wakati wa kupwa wana hatari yao nyingine. Maji yanapogeuka hayaanzii miguuni mwako. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, upande wa nchi kavu, na ukija kushtuka njia uliyopita kwa kifundo cha mguu inakufika kiunoni. Jueni saa ya kupwa, na ikifika, geukeni.

Miguuni vaeni yeboyebo zenye mkanda wa nyuma. Ndala hubaki kwenye tope, na kwenye mwamba kuna shokoni, wale weusi wa miiba mirefu. Mwiba wao hukatika ndani ya ngozi. Usiuchokoe kwa pini, kwa sababu unavunjika vipande zaidi. Loweka mguu katika maji ya moto kiasi ngozi inachovumilia, nusu saa au zaidi, toa kinachojitokeza chenyewe, kilichobaki kikileta uvimbe kipelekwe zahanati. Maji ya moto hayohayo ndiyo dawa ya kwanza ya mwiba wa taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu. Taa hujilaza chini ya mchanga kwenye maji ya magotini, kwa hiyo mkiingia msipige hatua, burutani nyayo: akisikia mtikisiko huondoka mwenyewe. Ndiyo maana sufuria na chupa moja ya maji safi hubebwa hata kama hamna mpango wa kupika chai. Konyeza (yule kiumbe laini wa baharini kama mlenda) akikuwasha, suuza kwa maji ya bahari, si maji ya kunywa, wala usisugue mchanga. Vyote viwili hufyatua sumu iliyobaki kwenye ngozi.

Kuhusu majira, Septemba katikati hadi Novemba katikati ni wakati mzuri, na Januari na Februari pia, ingawa joto la miezi hiyo si la mchezo. Juni hadi Agosti upepo wa kusi hupiga pwani hii usoni, mawimbi huwa makubwa, na mwani husukumwa juu kwa wingi. Masika msijisumbue.

Njia. Kutoka mjini mna mawili: feri ya Magogoni au Daraja la Nyerere kutokea Kurasini, lile la mita 680 lililofunguliwa 2016. Feri kwa mtembea kwa miguu ni shilingi 200, hulipwa kwa N-Card, kwa hiyo hakikisheni kadi ina salio kabla ya kufika getini. Kwa gari, asubuhi ya siku ya mapumziko daraja ni uhakika zaidi hata kama kuna tozo. Tengeni saa mbili kutoka katikati ya mji hadi mguu kugusa mchanga. Wasio na gari watapata daladala ng'ambo ya feri, ila hazifiki ufukweni: kipande cha mwisho ni bodaboda, na bei ya kurudi mkubaliane palepale mnaposhuka, mkichukua na namba ya dereva, kwa sababu jioni hamtakuta aliyeegesha akiwasubiri.

Kipande hicho cha mwisho, kutoka barabara kubwa hadi baharini, ndicho kinachoharibu siku za watu. Ni udongo, halafu mchanga, halafu mchanga mwingi. IST na Noah ziachwe kijijini penye ardhi ngumu, chini ya mti usio mnazi. Gari ya foo-wili inaweza kusogea, lakini na yenyewe ipunguzwe upepo wa tairi kabla ya kuingia, kutoka PSI 32 hadi 18 hivi, ili tairi itanuke na kuelea juu ya mchanga badala ya kuukata. Bebeni pampu inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari, la sivyo mtarudi lami na tairi nusu, na tairi nusu kwenye lami hupata joto na kupasuka. Gari ikinasa, dereva aache mafuta mara moja. Kila akikanyaga, tairi inachimba, na gari ikishakaa kwa tumbo hakuna sukuma itakayosaidia. Chukueni chepe, toeni mchanga mbele na nyuma ya kila tairi hadi pawe na mteremko, tandikeni makuti makavu, mrudi nyuma kwa njia ileile mliyoingilia, taratibu. Na msiegeshe kamwe kwenye mchanga mgumu wenye unyevu, ingawa unavutia kama lami. Ugumu ule umeletwa na maji, na maji yatarudi. Tazameni mstari wa mwani mkavu: pale ndipo bahari ilipofika. Kama mmekuja siku mbili kabla ya bamvu, itazidi kupanda siku zinazofuata. Egesheni juu ya mstari wa juu kabisa mnaouona.

Ardhi nyingi huku imeshanunuliwa na kuzungushiwa waya, hata pale pasipo na nyumba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, lakini hiyo haikupi ruhusa ya kukata kiwanja cha mtu kuifikia bahari. Njia ya uhakika ni ile wanayoitumia wavuvi kwenda dikoni. Mkifika kijijini simameni, shukeni kwenye gari, mtafuteni mzee aliyekaa barazani: "Shikamoo mzee. Tumetoka mjini, tumekuja kupumzika ufukweni, tutaondoka jioni. Gari tuweke wapi?" Sentensi hiyo inafungua mambo matatu kwa pamoja: mtaonyeshwa njia, atapatikana kijana wa kuangalia gari, na mtaambiwa mkondo uko wapi mwezi huo. Kijana alipwe nusu mkifika, nusu mkiondoka. Choo pia kinaombwa hapohapo, kwenye nyumba ya watu, kwa kulipia. Ni bora mara kumi kuliko kuchafua vichaka ambavyo watoto wa kijiji hupita. Dada zetu wawe na kanga ya kujitanda wakipita mitaani, na ndugu wa kiume wavae shati. Ijumaa mchana muziki uzimwe. Nyavu zilizoanikwa hazirukwi wala hazikaliwi. Mkitaka kulala, mjulisheni mwenyekiti wa serikali ya mtaa mapema, mchana. Bebeni noti ndogondogo, kwa kuwa wakala wa kutolea pesa si wa kumkuta kila kona.

Kivuli kinahitaji akili kidogo. Ufukwe huu unatazama mashariki, hivyo asubuhi jua linakuja kutoka baharini, likiwapiga usoni, na miti iliyo nyuma yenu haisaidii kitu. Kuanzia saa nane au tisa mambo hugeuka: vivuli vya minazi hulala juu ya mchanga na kuelekea majini. Basi turubai linahitajika zaidi kabla ya saa sita, na upande wa baharini liinamishwe. Turubai la mita 4 kwa 5 linatosha watu kumi, kwa nguzo nne za mianzi. Vigingi havishiki mchangani. Dawa yake ni viroba: jaza kiroba mchanga nusu, funga kamba katikati, kizike kina cha sentimita 40, kamba itokee kwa mshazari kuelekea turubai, kisha kanyagia. Kwa viroba vinne, upepo wa mchana utapiga na turubai litabaki. Msikae chini ya mnazi wenye nazi, hata kama kivuli chake ndicho kizuri kuliko vyote. Mivinje ina kivuli chepesi lakini haiangushi kitu cha kuumiza.

Chakula bora cha huku ni samaki wa kuchoma, na mahali pa kumnunua ni Soko la Samaki la Feri alfajiri kabla hamjavuka, maana huku mvuvi anaweza kurudi na kitu au mikono mitupu. Hesabu nusu kilo ya samaki mzima kwa kila mtu. Changu na kolekole hukaa vizuri motoni, kibua ni mtamu lakini hukauka haraka. Angalia matamvua yawe mekundu ya damu, jicho liwe limejaa, na ukibonyeza mgongo nyama irudi. Ukikuta tumbo limelegea na uti umevunjika wakati jicho bado ni zima, muache: hizo huwa dalili za samaki aliyeuawa kwa baruti. Vijana wa hapohapo watampaa, kumtoa utumbo na kumchanja. Pakeni chumvi, kitunguu saumu na tangawizi tu, kisha ndani ya deli (kasha la kutunza baridi). Ndimu isubiri mpaka nusu saa kabla ya kuchoma. Ikikaa saa tatu njiani inaiva nyama kwa uchachu, inakuwa nyeupe na kumeguka, halafu yote inabaki kwenye wavu.

Barafu msinunue ya vipande. Gandisheni chupa za maji za lita moja na nusu tangu usiku wa jana yake, zipangeni chini na pembeni mwa deli: samaki hawaogelei kwenye maji machafu ya barafu, na mchana zikiyeyuka ni maji ya kunywa. Maji yawe lita 3 kwa kila mtu, mbali na ya kupikia na kunawa. Mkaa, ndoo ya lita 10 inatosha kilo tano za samaki. Jiko likae upande ambao upepo unakwenda, mbali na turubai. Mkimaliza, makaa yasifukiwe mchangani. Huo ni ukatili bila kukusudia: mchanga hufunika moto bila kuuzima, na baada ya muda mtoto wa kijiji hupita miguu mitupu juu yake. Mwagieni maji ya bahari hadi yaache kutoa sauti, kisha yarudi ndani ya ndoo. Vinywaji viwe vya makopo au plastiki. Chupa ya kioo ikivunjika huku hakuna atakayeokota vipande vyote.

Ipo alama moja ambayo kila anayefika anapaswa kuitambua. Ni mburuzo mpana unaotoka majini hadi penye majani, wenye michirizi ya pande mbili kama tairi la trekta, na mwisho wake pana shimo lililofukiwa ovyo. Kasa amepanda usiku kutaga. Chini yake yanaweza kuwepo mayai zaidi ya mia, na huchukua miezi miwili hivi kuanguliwa. Hapo hapawashwi moto, hapasimikwi nguzo wala kupitisha gari. Mwambieni mtu wa kijijini, kwa sababu wapo wanaovilinda viota hivyo. Walalao usiku waepuke tochi kali kuelekea baharini: kasa mama huona mwanga akageuka bila kutaga, na vifaranga huufuata mwanga wakidhani ndiyo bahari.

Kurudi, anzeni kufungasha saa tisa na nusu, magurudumu yazunguke saa kumi na nusu. Jua la Dar huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro robo kulingana na mwezi wa mwaka, na njia ya mchanga haifai kutafutwa gizani. Jumapili jioni foleni ya magari kwenye feri ni ndefu, shikeni daraja. Kabla ya kuondoka, hesabuni chupa na makopo mliyokuja nayo, idadi iwe ileile kwenye mfuko wa taka, na taka hizo zije mjini, kwa kuwa kijiji hakina gari la kuzoa. Tairi zijazwe upepo mkifika kwenye ardhi ngumu. Gari lioshwe siku hiyohiyo, chini kuliko juu: bomba liingizwe kwenye matao ya tairi, kwenye breki na chini ya milango, maana chumvi na mchanga vikilala humo wiki nzima vinaanza kula chuma.